Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Metali Kidogo Inavyobadilisha Vichocheo vya Nano

Msimu wa kaskazi, Mto Sabaki ukipunguza tope lake, bahari ya Malindi na Watamu hung'aa hadi kwenye matumbawe, na mitungi ya wapiga mbizi hujazwa hewa tangu asubuhi na mapema. Kompresa za kujazia mitungi hiyo baadhi yake huendeshwa na injini ya petroli. Upepo ukigeuka vibaya, bomba la kuvutia hewa linaweza kuvuta moshi wa injini ileile. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kina cha bahari nacho huongeza ubaya: kwenye mita 20 shinikizo ni mara 3 ya lile la juu ya maji, kwa hiyo hewa yenye sehemu 10 za gesi hiyo katika milioni humwathiri mpiga mbizi kana kwamba anavuta sehemu 30 akiwa ufukweni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, kinaruhusu 5 tu.

Kinachosimama kati ya moshi huo na mapafu ya mtu ni punje nyeusi, za ukubwa wa mchele uliokatika, zilizoshindiliwa ndani ya kichujio cha kompresa. Huitwa hopkalaiti, nazo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuliwa. Ni oksaidi (metali iliyoungana na oksijeni) ya manganizi na oksaidi ya shaba zilizochanganywa pamoja, na zilibuniwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kwa ajili ya barakoa za kujikinga na gesi. Zikiwa kavu, hugeuza kaboni monoksaidi kuwa kaboni dioksaidi kwenye joto la kawaida la chumba, bila moto na bila umeme.

Kijana mmoja anayejaza mitungi aliniuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya. "Ami," akasema, "mwatuambia kichocheo hakiliwi. Sasa mbona hiki twakitoa na kukitupa kila baada ya muda?" Ni swali la haki kabisa. Jibu lake linafungua mlango wa elimu kubwa inayoendelea kukua: namna wanakemia wanavyochukua oksaidi kama hii, wakaigeuza kuwa chembe ndogo mno, kisha wakapenyeza metali nyingine kidogo ndani yake, na tabia yake yote ikabadilika.

Tuanze na kinachotokea juu ya punje. Wengi hudhani kichocheo cha aina hii hukamata kaboni monoksaidi kwa mkono mmoja na oksijeni ya hewani kwa mkono wa pili, kisha huzikutanisha. Kwenye oksaidi nyingi mambo hayaendi hivyo. Kaboni monoksaidi hutua juu ya oksaidi, hunyakua atomu ya oksijeni iliyokuwa sehemu ya mwili wa oksaidi yenyewe, na kuondoka ikiwa kaboni dioksaidi. Pale ilipong'olewa atomu ile hubaki nafasi tupu. Oksijeni ya hewani huja baadaye kuijaza, na oksaidi hurudi ilivyokuwa. Wanasayansi wawili wa Uholanzi, Pieter Mars na Dirk Willem van Krevelen, waliieleza njia hii mwaka 1954 walipokuwa wakichunguza jinsi naftalini na misombo mingine inavyounguzwa juu ya oksaidi ya vanadiamu. Tangu hapo imeonekana kwenye oksaidi chungu nzima.

Basi ni kweli kwamba kichocheo hakiliwi, ila hukopesha mwili wake na kurudishiwa, mara nyingi mno. Ubora wake unategemea namna kinavyoishika oksijeni yake. Kikiishika kwa nguvu mno, kaboni monoksaidi haipati kitu. Kikiishika kwa ulegevu mno, nafasi tupu hazijazwi upya na kazi husimama. Metali inayopenyezwa, kwa sehemu kubwa, hufanya kazi yake hapa: hubadilisha namna oksaidi mwenyeji anavyoishika oksijeni yake mwenyewe. Mara nyingi metali hiyo ngeni haigusi gesi hata kidogo. Hili ndilo jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Watu husoma kwamba "seriamu imeongezwa" au "zirkoniamu imeongezwa", wakafikiri kila metali imekuja na dawa yake mfukoni.

Udogo wa chembe nao una habari yake. Nanomita ni sehemu 1 ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Chukua mchemraba wa oksaidi wenye sentimita 1 kila upande. Nyuso zake 6 zina jumla ya sentimita za mraba 6. Ukate kuwa michemraba ya nanomita 10 kila upande, na kitu kilekile, uzito uleule, sasa kina uso wa mita za mraba 600. Kwa kuwa kazi yote hufanyika juu ya uso, faida yake haihitaji maelezo marefu. Lakini kuna faida ya pili isiyoonekana kwa hesabu hiyo. Kwenye chembe ndogo namna hiyo, sehemu kubwa ya atomu huwa ziko kwenye kingo na kona, ambako kila moja ina majirani wachache wa kuishikilia. Oksijeni iliyo kwenye kona hung'oka kwa nguvu ndogo kuliko ile iliyo katikati ya uso uliosawazika.

Gharama ya udogo ni kwamba chembe hizi hazitulii. Kila moja ina hamu ya kuungana na jirani yake ili kupunguza uso. Zikipata joto huungana, zikawa punje kubwa, na mita za mraba 600 zikashuka hadi chache tu. Kichocheo kikifa namna hii hakuna kilicholiwa. Kila atomu iko palepale kichujioni, au ndani ya ekzosi ya gari, ambako vichocheo hivi pia hutumika. Kilichopotea ni uso.

Kuhusu kuchanganya oksaidi mbili, hopkalaiti yenyewe ni mwalimu mzuri. Shaba yenye chaji 2 hupokea elektroni kutoka kwa manganizi yenye chaji 3, shaba ikawa na chaji 1 na manganizi ikawa na chaji 4. Kisha huweza kurudishiana. Kwa kupokezana huku, oksijeni hutoka na kurudi kwa wepesi ambao oksaidi ya shaba pekee au ya manganizi pekee haina. Jambo linaloshangaza ni kwamba hopkalaiti iliyo bora haina fuwele zilizopangika vizuri. Ni yabisi iliyovurugika. Ikichomwa hadi kufikia nyuzi 500 za Selsiasi hivi, atomu zake hujipanga safi kuwa fuwele, na hapo makali yake hupungua sana. Msomaji ashike hilo, kwa sababu litarudi: kwenye vichocheo hivi mpangilio kamili mara nyingi ni hasara.

Sasa kupenyeza. Tofauti yake na kuchanganya ni kwamba hapa kuna mwenyeji na kuna mgeni. Mwenyeji ni oksaidi yenye fuwele yake na nafasi zake. Mgeni ni metali nyingine inayoingizwa kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia chache tu ya atomu zote za metali, ikakaa kwenye nafasi ambazo zingekuwa za metali ya mwenyeji.

Mfano unaoeleweka kuliko yote ni oksaidi ya seriamu. Ni unga wa manjano hafifu, na huenda umepita juu yake leo bila kujua, kwa sababu umo ndani ya ekzosi za magari mengi ya petroli yanayoletwa kutoka Japani na kushushwa Mombasa. Chini ya gari hilo kuna kopo la chuma lenye kipande cha kauri kilichojaa vitundu kama sega. Kuta za vitundu zimepakwa alumina (oksaidi ya alumini), chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu, pamoja na oksaidi ya seriamu iliyopenyezwa zirkoniamu. Metali za thamani hufanya kazi inayosifiwa. Seriamu hufanya kazi ya akiba: injini ikichoma petroli kwa hewa nyingi, seriamu hukusanya oksijeni, hewa ikipungua, huitoa ili kaboni monoksaidi isitoke nje ikiwa haijaungua. Hili hutokea tena na tena katika kila safari ya kutoka Malindi kwenda Gongoni.

Ndani ya fuwele ya oksaidi hii kila seriamu imezungukwa na oksijeni 8, na kila oksijeni imezungukwa na seriamu 4. Seriamu ina chaji 4. Oksijeni moja ikitoka, huacha nyuma elektroni 2, na hizo huchukuliwa na seriamu 2 ambazo zinageuka kuwa na chaji 3. Hapo ndipo shida inapoanza. Ioni (atomu yenye chaji) ya seriamu yenye chaji 4 ina nusu kipenyo cha nanomita 0.097. Ikipokea elektroni hutuna hadi 0.114. Fuwele iliyobana haipendi ioni zake zitune. Hujikaza, na kujikaza huko hufanya oksijeni inayofuata iwe ngumu zaidi kutoka. Ndiyo maana oksaidi ya seriamu tupu, ikipashwa joto ndani ya haidrojeni, gesi inayonyakua oksijeni, hutoa oksijeni ya juu juu kwenye nyuzi 500 hivi, lakini ile ya ndani haitoki hadi kupita nyuzi 800. Akiba kubwa iko ndani, na mlango umefungwa.

Mgeni anayeufungua ni zirkoniamu, na nampenda mfano huu kuliko mingine yote kwa sababu zirkoniamu haifanyi lolote yenyewe. Haibadilishi chaji yake ya 4, haitoi elektroni, haipokei. Oksaidi ya zirkoniamu ikiwekwa peke yake ndani ya ekzosi haina akiba ya oksijeni ya kuzungumzia. Lakini ioni yake ni ndogo: nanomita 0.084. Inapokaa kwenye nafasi ya seriamu huacha nafasi ya kupumua, na seriamu za jirani zikituna baada ya kutoa oksijeni, fuwele haibanwi kama kwanza. Zaidi ya hayo, zirkoniamu kwa asili yake haipendi kuzungukwa na oksijeni 8. Huvuta baadhi karibu na kuziacha nyingine mbali kidogo, zikiwa zimeshikwa kwa ulegevu. Matokeo yake, oksijeni ya ndani na ya juu hutoka karibu pamoja, kati ya nyuzi 500 na 600. Mgeni njoo, mwenyeji apone: seriamu ndiyo iliyopona, na mponyaji hakushika gesi.

Kwa haki niseme kwamba ndani ya magari kiasi cha zirkoniamu hufika asilimia 20, 50 na hata zaidi, na kwa kiwango hicho wengi hawasemi tena kupenyeza bali huiita oksaidi mchanganyiko. Mpaka kati ya maneno hayo mawili si mkali, na kwa kazi yetu hapa haujalishi.

Zirkoniamu ina faida ya pili ambayo ndiyo iliyoifanya ichukue nafasi ya seriamu tupu kwenye magari katika miaka ya 1990. Seriamu tupu ikikaa kwenye nyuzi 1,000, chembe zake huungana na uso kushuka hadi mita za mraba chache kwa gramu. Mgeni akiwepo, kuungana huko huchelewa, kwa sababu ioni zisizolingana ukubwa huvuruga mwendo wa atomu na hupenda kujikusanya kwenye mipaka ya fuwele, zikaizuia kusogea. Lanthanamu husaidia vilevile. Kwa mnunuzi wa Kenya jambo hili si la nadharia. Sheria inaruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, maana yake kopo la ekzosi huletwa likiwa limekwisha kupikwa kwa miaka kadhaa kwenye barabara za wengine. Kilichobaki ndani yake ni kile ambacho mgeni alifanikiwa kukilinda.

Kundi jingine la wageni hufanya kazi kwa upungufu. Lanthanamu na gadoliniamu zina chaji 3 tu. Zikikaa kwenye nafasi ya seriamu yenye chaji 4, hesabu ya umeme ndani ya fuwele haitimii, na fuwele hulipa kwa kuacha oksijeni: kila wageni 2 wanaoingia, nafasi 1 ya oksijeni hubaki tupu tangu mwanzo, hata kabla gesi haijafika. Nafasi hizo tupu hutembea. Fikiria safu za swala msikitini: mtu wa safu ya mbele akitoka, wa nyuma yake husogea kuziba pengo, na aliye nyuma zaidi naye husogea. Watu wamekwenda mbele, pengo limerudi nyuma hadi safu ya mwisho. Ndivyo oksijeni ya ndani ya fuwele inavyofika juu kwenye uso bila atomu yoyote kusafiri mbali. Kila moja huhama hatua moja. Bila pengo hata moja hakuna anayesogea, kwa hiyo fuwele iliyojaa kikamilifu ni fuwele iliyoganda.

Shaba nayo huingia kwa njia yake. Ikipenyezwa ndani ya seriamu huleta upungufu wa chaji, na papo hapo huleta uwezo wa kupokezana elektroni na mwenyeji. Oksijeni iliyo katikati ya shaba na seriamu huwa na mabwana wawili na haishikwi imara na yeyote kati yao. Sehemu hizo hutoa oksijeni chini ya nyuzi 250, na vichocheo vya shaba na seriamu vimeonekana kuunguza kaboni monoksaidi kwenye nyuzi 100 hivi, jambo ambalo zamani lilidhaniwa ni la platinamu na jamii yake tu. Shaba na seriamu ni za bei ya chini mno zikilinganishwa na platinamu. Hiyo ndiyo sababu watafiti wengi wa nchi zisizo na fedha nyingi wamejikita hapa, nami naona wamechagua vizuri.

Je, tukiongeza mgeni zaidi tutapata faida zaidi? Hapana, na hapa ndipo karatasi nyingi za utafiti zinapofanana: mchoro hupanda, hufika kilele, hushuka. Kushuka kuna sababu zaidi ya moja. Nafasi tupu na ioni za wageni huvutana. Wageni wakiwa wengi, nafasi hizo hunaswa karibu nao na haziwezi tena kutembea. Kwa gadoliniamu ndani ya seriamu, mwendo wa oksijeni huwa bora kwenye asilimia 10 hadi 20, kisha hupungua. Shaba ina mipaka mikali zaidi, kwa sababu fuwele ya seriamu haikubali nyingi. Ziada hufukuzwa, ikajikusanya nje kama punje za oksaidi ya shaba, na punje hizo huziba uso ambao ungefanya kazi.

Hapo pana mzozo wa kweli kati ya wataalamu. Mtu akisema "nimepenyeza shaba asilimia 5", shaba iko wapi hasa? Ndani ya fuwele, au imetandazwa juu yake kwa vikundi vya atomu chache? Eksirei hutumika kujibu: zikipigwa kwenye fuwele hurudi kama mistari inayoonyesha mpangilio wa atomu zake. Pande za chumba kimoja cha fuwele ya seriamu, yaani kipande kidogo kabisa kinachojirudia, zina urefu wa nanomita 0.541. Zirkoniamu ikiingia chumba husinyaa, lanthanamu ikiingia hupanuka, na mistari ya eksirei husogea kwa kadiri hiyo. Kusogea huko ni ushahidi mzuri. Lakini watu wengi hufanya kinyume: wanatazama kama mistari ya oksaidi ya shaba ipo, wasipoiona wanatangaza kwamba shaba yote imeingia ndani. Tangu kazi ya Paul Scherrer ya mwaka 1918 inajulikana kwamba fuwele ikiwa ndogo mistari yake hutanuka na kufifia. Punje za oksaidi ya shaba za nanomita 2 zinaweza kuwepo tele na eksirei isizione. Mimi siamini dai la namna hiyo likiegemea eksirei peke yake. Nataka kuona pia mwanga wa leza unaorudi kwa njia ya Raman, inayoonyesha jinsi atomu zinavyotikisika, ambako mstari mkuu wa seriamu uko kwenye 464 kwa sentimita na nafasi tupu huleta kinundu kati ya 550 na 600. Na nataka kuona jinsi unga unavyotoa oksijeni yake ukipashwa joto polepole ndani ya haidrojeni.

Kuna hila nyingine ya kuangalia, isiyo ya uongo lakini inapotosha. Mgeni huzuia chembe kukua, kwa hiyo unga uliopenyezwa huwa na uso mkubwa kuliko usiopenyezwa. Ukilinganisha gramu kwa gramu, uliopenyezwa utashinda hata kama kila mita ya mraba yake haina ubora wowote wa ziada. Njia ya kupima uso kwa gesi ya nitrojeni inayonata juu ya unga ipo tangu Brunauer, Emmett na Teller waichapishe mwaka 1938. Anayegawa matokeo kwa mita za mraba anaonyesha kama mgeni amebadilisha tabia ya uso au ameongeza ukubwa wake tu. Yote mawili yana faida, ila ni mambo mawili.

Kutengeneza unga wenyewe hakuhitaji maabara ya kifahari. Chumvi za seriamu na za shaba huyeyushwa ndani ya maji, kisha magadi (sodiamu kaboneti) au amonia hudondoshwa taratibu huku chombo kikikorogwa, hadi metali zote mbili zigande pamoja kama uji mzito. Uji huchujwa, huoshwa, hukaushwa, huchomwa kwenye nyuzi 400 au 500. Rangi hutoa habari kabla ya mashine yoyote: seriamu tupu hutoka manjano hafifu, ikipenyezwa shaba huwa ya kijivu iliyokoza, ikipenyezwa praseodimiamu hutoka nyekundu ya vigae, rangi ambayo hutumika hata kwenye kauri. Mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, mwenye tanuri na mizani nzuri, anaweza kuifanya kazi hii. Penye kuhitaji uangalifu ni kuosha. Sodiamu ikibaki kwenye hopkalaiti kwa wingi huidhoofisha, na mtu aliyeosha mara moja na aliyeosha mara tano hupata vichocheo viwili tofauti kutoka kwenye chupa zilezile.

Sasa turudi kwa swali la kijana wa mitungi. Hopkalaiti yake haifi kwa joto, maana kompresa haifiki nyuzi 500. Huuawa na maji. Molekuli za maji hupenda kukaa palepale ambapo kaboni monoksaidi ingekaa, tena hushika vizuri zaidi. Zikijaa, uso wote umekaliwa na mwenye kazi hana pa kutua. Ndiyo maana ndani ya kichujio huwekwa kwanza kikausha hewa, kisha ndipo hopkalaiti. Kikausha hewa kikishiba, hopkalaiti iliyo nyuma yake huanza kulowa, na hakuna anayeona kitu kwa macho. Hewa ya Malindi ni ya unyevu mwaka mzima, kwa hiyo saa zilizoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji kwa hewa ya baridi na kavu haziwezi kuwa saa za hapa. Anayejaza mitungi pwani abadilishe kichujio mapema.

Unyevu ndio mtihani ambao wageni wengi hufeli. Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha kazi iliyoonyesha vijiti vya nano vya oksaidi ya kobalti vikiunguza kaboni monoksaidi kwenye nyuzi 77 chini ya sifuri. Ni jambo kubwa. Lakini oksaidi ya kobalti hupoteza makali haraka hewa ikiwa na maji, na matokeo ya kupendeza ya namna hiyo mara nyingi hupatikana kwa gesi yenye maji kidogo mno. Dhahabu ina tabia tofauti kabisa. Masatake Haruta wa Japani alionyesha mwaka 1987 kwamba dhahabu, iliyodhaniwa haina kazi, ikiwa chembe za nanomita chache juu ya oksaidi huunguza kaboni monoksaidi hata chini ya sifuri. Na baadaye ikaonekana kwamba unyevu kidogo huisaidia badala ya kuizuia. Kwa hiyo watafiti wamejaribu kupenyeza dhahabu, fedha, kobalti na seriamu ndani ya hopkalaiti yenyewe, na kwa seriamu hata asilimia 1 hivi imetosha kuongeza kasi. Mimi nikisoma matokeo mapya, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama gesi ya majaribio ilikuwa na mvuke wa maji, na ilikaa na kichocheo kwa muda gani. Bila hayo, namba za nyuzi joto hazinielezi lolote kuhusu kichujio kitakachofungwa Watamu.

Kuna sumu moja ambayo kupenyeza hakujaishinda, nayo ni salfa. Metali ya risasi ilikuwa mbaya kuliko zote, ikifunika platinamu isifae tena, lakini petroli yenye risasi iliondolewa Kenya kufikia mwaka 2006. Salfa imepunguzwa tu: mwaka 2015 kiwango kinachoruhusiwa kwenye dizeli kilishushwa hadi sehemu 50 katika milioni, chini sana kuliko ilivyokuwa. Hata hicho kidogo huungana na oksijeni kwenye ekzosi, kikatua juu ya seriamu au shaba na kugeuka salfeti. Salfeti haitoi oksijeni na haipokei. Nafasi tupu ambazo gadoliniamu au lanthanamu iliziandaa kwa ustadi hukaliwa nayo, na kadiri kichocheo kinavyokuwa na uso mkubwa na nafasi nyingi ndivyo kinavyoinasa zaidi. Kwenye gari la petroli, mwendo wa kasi kwenye barabara ya Mombasa huweza kupasha kopo joto la kutosha kuivunja. Kwenye dizeli ya boti inayokwenda polepole, joto la ekzosi kwa kawaida halifiki huko, na salfeti hukaa.